Sauti Inayovuta Pumzi

Jumanne, 5 Agosti

Asubuhi nzima na tangazo la duka la magodoro la Kiwalani. Mwenye duka anataka sauti yake iwe "nzito, ya kutisha kidogo". Nimeshusha pichi, yaani kimo cha sauti, nikaongeza riverbu, ule mwangwi. Sasa anasikika kama mtu anayeuza magodoro kutoka ndani ya tenki la maji. Amefurahi sana. Ndege zimepita mara kadhaa katikati ya kurekodi, tukasimama, tukangoja, tukarudia. Ukipanga chumba Kipawa, jirani na uwanja, usilalamikie ndege.

Mchana nimefungua simu. Kundi la kwaya limejaa vikaragosi vya mikono ya kusali. Kuna video. Godlisten anahojiwa na chaneli moja ya mtandaoni ya nyimbo za injili.

Godlisten ndiye mpiga kinanda wetu sasa. Mpwa wa mwenyekiti wa kwaya. Alihamia usharika wetu mwanzoni mwa mwaka, na baada ya wiki chache mimi niliyekuwa napiga nikaambiwa nipumzike, nibaki "upande wa mitambo". Yaani nyaya. Nikameza.

Mtangazaji anamuuliza: ile sauti inayoanza kwenye wimbo anaouongoza Mama Nai, ile inayovuta pumzi kama mtu, umeitoa wapi? Godlisten anafumba macho. Anasema alifunga na kuomba, akalala, Bwana akamwonyesha sauti ile ndotoni. Akaamka akaitengeneza huku analia.

Bwana alimwonyesha. Kwenye kompyuta yangu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nina hasira hadi meno yanauma. Nimeangalia ile video mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Niandike ilivyo, hata kama ni hapa tu. Sauti ile nimeitengeneza mimi, kwenye chumba hiki, kati ya trei za mayai nilizobandika ukutani. Nilianza na mawimbi mawili ya msumeno kwenye sinthesaiza, programu ya kuundia sauti, moja nikalipotosha pichi kidogo tu ili yasuguane. Filta nimeibana karibu yote, inafunguka polepole. Riverbu ya ukumbi mkubwa, nimekata besi yake isivume. Ikawa nzuri. Nzuri kama za watu wengine wote.

Kilichopungua nilikigundua mazoezini. Kabla ya kuimba, kwaya inavuta pumzi. Kila mtu kwa wakati wake, ndiyo maana tulikuwa tunaingia ovyo, mmoja leo mwingine kesho. Nikarudi hapa. Nikachukua ile kelele ya sinthesaiza, shhh ya redio isiyo na stesheni, nikaipitisha kwenye filta, nikaipa ataki ndefu ili ipande taratibu, nikaiweka mbele ya noti. Sasa ukibonyeza, sauti inavuta pumzi kwanza, halafu ndipo inasema. Jumapili ya kwanza Godlisten alipoipiga, kwaya nzima ilivuta pumzi nayo. Wote kwa pamoja, na hakuna aliyewaambia. Mwalimu wa kwaya aliacha mkono hewani, akasahau kuushusha.

Ilinichukua miezi. Niliipa jina "Asubuhi".

Yeye alikuja hapa na soda mkononi, mpole, eti anataka kujifunza. Nikatoka kumfungulia fundi bomba geti. Niliporudi flashi yake ilikuwa imechomekwa. Alisema anachukua wimbo wa mazoezi, nami nikamwamini. Ilipolia kanisani nilingoja aseme ni ya nani.

Na siwezi kusema. Hapo ndipo alipo mjanja. Angesema "nimeitengeneza mwenyewe", ningefungua kompyuta niwaonyeshe hatua kwa hatua. Lakini amesema ameonyeshwa. Ukimpinga mtu aliyeonyeshwa, hubishani naye tena, unabishana na aliyemwonyesha. Nitaambiwa nina roho ya wivu. Nitawekewa mikono kichwani hadi nianguke.

Jumapili, 10 Agosti

Wamemwita mbele. Mchungaji amemfunga kitenge begani, vigelegele, watu wamesimama. Wa kwanza kusimama ni mjomba wake mwenyekiti. Godlisten ameinamisha kichwa kama mtu anayeona haya. Ana uso mkavu yule, hata mate ya aibu hamezi.

Mimi nilikuwa nyuma ya spika nakunja nyaya. Mzee mmoja wa kanisa akapita akanishika bega. "Na wewe Dorkasi tunakuombea. Ipo siku Bwana atakupa na wewe."

Nikasema amina. Ulimi uliniwasha.

Kinachonichoma zaidi, hajui hata kupiga. Anapiga kila kitu kwenye C. Wimbo ukitaka ufunguo mwingine, vidole vyake havihami. Anabonyeza kitufe cha transpozi, kinanda kinahama kwa niaba yake, yeye anaendelea na C yake ileile. Wapiga vinanda wengi wa makanisani wako hivyo na sisemi ni dhambi. Lakini hao hawasemi wameota.

Kisha Mama Nai akaimba. Mpare wa Usangi, mwalimu wa darasa la pili hapo Kiwalani, nywele zimeshaanza kuwa nyeupe. Sauti yangu ikavuta pumzi, na yeye akavuta, na kwaya ikavuta. Nikatoka nje nikasimama karibu na bomba. Sikutaka mtu anione.

Nataka aumbuke. Sitaki asahihishwe, sitaki aombe radhi. Nataka aumbuke mbele za watu, vidole vikiwa juu ya kinanda.

Jumatatu, 11 Agosti

Ujumbe wa simu. "Bwana asifiwe dada. Laptop ya kwaya, ile ya kinanda, inakwaruza nikipiga Maono. Naomba uniangalizie kabla ya tamasha. Wewe ndo fundi wetu."

Maono. "Asubuhi" yangu, ameibadilisha na jina.

Tamasha ni la kwaya zote za jimbo, kwenye ukumbi mmoja Temeke, Jumapili ya tarehe ishirini na nne. Kuna majaji. Kwaya yetu haijawahi kushinda, na mwaka huu kila mtu anaongea kama kombe liko kwenye kabati tayari.

Nikamjibu: amina kaka, ilete. Nikaweka na kikaragosi cha tabasamu. Naijua mikono yangu, lakini leo imenishangaza.

Amekuja jioni, viatu vinang'aa. Amechungulia kioo cha kompyuta yangu, vile vitufe na namba za sinthesaiza, akauliza, "Hivi dada, hivi vidude vyote vinafanyaga nini?"

Nikamwambia usiviguse, vitaharibika.

"Aah, mie sivigusagi hivyo. Mie nikifungua jina la sauti, napiga. Mengine nayaachaga kama yalivyo."

Akaacha laptop, akaenda zake. Nimebaki naitazama kama mtu aliyeletewa mbuzi na kisu juu yake.

Jumatano, 13 Agosti

Kukwaruza kulikuwa kitu kidogo, kompyuta ilikuwa inapewa muda mfupi mno wa kufikiri. Nimemaliza kabla chai haijapoa.

Halafu nikafungua "Maono".

Kila kitu changu kipo. Hajagusa namba hata moja. Hata kosa langu lipo, ile rilizi, mkia wa sauti, ya wimbi la pili inayochelewa kufa upande wa kushoto, ambayo nilikuwa nasema nitairekebisha nikipata nafasi. Bwana alimwonyesha hadi makosa yangu.

Nilifikiria kuifuta. Haisaidii, atalia kwa mjomba na mjomba ataagiza irekebishwe, na atakayeirekebisha ni mimi. Nilifikiria kuficha ndani yake sauti yangu nikitaja jina langu. Ni utoto huo.

Kisha nikaona. Sinthesaiza ina wimbi moja la pembeni, LFO, ambalo lenyewe halisikiki. Kazi yake ni kusukuma kitu kingine. Watu huliweka liende haraka na kulifunga kwenye pichi ili sauti itetemeke kama ya mwimbaji. Mimi nimelipunguza mwendo hadi mwisho wake, wimbi moja linachukua karibu nusu saa kukamilika. Nimelifunga kwenye pichi. Nimeliambia lisianze upya kwa kila noti, lianze kuhesabu pale sauti inapofunguliwa. Na nimelipa subira: dakika za mwanzo litulie kabisa. Baada ya hapo linaanza kuipandisha sauti, taratibu kama uji unavyopanda kwenye sufuria, huoni unapanda, unaona umemwagika. Mwisho wake kinanda kitakuwa karibu nusu noti juu ya magitaa.

Mazoezini hatagundua. Wimbo unaimbwa dakika chache unakwisha. Lakini tamashani watu watatunza. Wimbo wa Mama Nai ndio unaotunzwa kuliko yote: watu wanainuka vitini, wanacheza wakija mbele na noti zao, wanamwekea begani, kwenye mkono, kapuni. Na maadamu wanakuja, kwaya hairuhusiwi kumaliza. Ni utovu wa adabu kumkatia wimbo mtu aliye njiani na sadaka. Kiitikio kinarudiwa, kinarudiwa. Nimeuona wimbo ule ukipita dakika ishirini.

Kwa hiyo watu wenyewe ndio watakaompeleka. Kila atakayeinuka kumtunza atakuwa anamsogeza.

Mama Nai hatadhurika, hilo nimelipima. Ana sikio zuri. Atashika besi na gitaa, atabaki palepale, na kinanda kitabaki peke yake juu, uchi. Na jamaa hana ufunguo wa pili wa kukimbilia.

Nimejaribu mwanzo hadi mwisho mara moja. Nimecheka peke yangu chumbani. Kicheko chenyewe sikukipenda, lakini nimecheka.

Jumamosi, 16 Agosti

Mazoezi. Amefungua "Maono", akapiga, hakuna mkwaruzo. Amenishukuru mbele ya kwaya: "Dada yetu ana mikono ya upako." Watu wakapiga makofi.

Wimbo umeimbwa mara nne na kila mara ameifungua sauti upya. Hakuna kilichopanda. Saa imewekwa, haina mlio.

Mwalimu wa kwaya amewaambia wapiga magitaa kitu kimoja, mara mbili: mkipotea, fuateni kinanda. Sauti ile ndiyo nguzo yetu mwaka huu. Nilikuwa nafunga begi. Sikulitilia maanani.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimekula vizuri. Nimelala vizuri. Mtu anayelipiza kisasi analala vizuri kuliko anayesamehe, hili hawalisemi madhabahuni.

Kijana wa singeli kutoka Temeke amekuja kuingiza sauti, anataka irekebishwe pichi hadi asitambulike na mama yake. Nimemfanyia. Nimepiga mluzi kazini siku nzima.

Sijasali juma hili. Naona aibu kumwomba Mungu abariki LFO.

Jumapili, 24 Agosti

Nimerudi sasa hivi. Bado sijavua sare ya kwaya. Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Ukumbi ulijaa, mapangaboi yanazungusha joto tu. Mimi nilikuwa kwenye mikisa, meza ya kuchanganyia sauti, nyuma kabisa, slaidi ya kila chombo chini ya vidole vyangu. Kwaya yetu ilipangwa katikati. Godlisten amefungua sauti, amefumba macho. Pumzi ikasikika ukumbi mzima. Majaji wakainua vichwa.

Mama Nai aliimba kama hajawahi. Mke wa mchungaji akainuka kwanza. Wakamfuata akina mama wa sharika nyingine, kisha benchi zima la wageni, wanacheza, kanga hewani. Mwalimu akazungusha mkono: rudieni. Wakarudia. Nami nikawa naangalia saa ya simu kama mtu anayengoja ugali.

Ikaanza. Niliisikia mimi kabla ya wote kwa sababu nilikuwa naingoja. Uzi mwembamba kati ya kinanda na besi.

Mpiga besi akageuka. Akainama kusikiliza gitaa lake. Nikasema moyoni, sasa. Sasa atamtazama Godlisten, atakunja uso, watu wataona.

Hakumtazama. Alishika vifungo vya gitaa lake, akavikaza. Akalipandisha besi lake likafuate kinanda. Mpiga gitaa la solo naye akafanya vivyo hivyo, kati ya mstari na mstari, haraka haraka, anaomba radhi kwa macho. Kila mmoja aliamini mkosaji ni yeye. Nani atashuku sauti iliyotoka mbinguni?

Kisha kwaya ikafuata. Hawakujua kama wanafuata. Wanavuta pumzi na ile sauti, basi wanatokea pale inapotokea. Niliitengeneza ifuatwe. Ilifuatwa.

Na Mama Nai hakuwa na pa kushika. Besi limehama, gitaa limehama, kwaya imehama. Wimbo ule una noti moja ya juu kwenye kiitikio ambayo kwake ndiyo dari. Kila kiitikio kiliporudi, dari ilikuwa imesogea juu kidogo. Nikamwona anafika kwa shida. Nikamwona anasimama kwa ncha za vidole. Watu bado wanakuja na noti zao.

Slaidi ya kinanda ilikuwa chini ya kidole changu. Ningeishusha ingekwisha. Sikuishusha. Nilikuwa nataka Godlisten aumbuke kwanza.

Sauti ya Mama Nai ikapasuka. Ilipasuka kabisa, mbele ya ukumbi mzima, kama kitambaa kinavyochanwa. Akajaribu tena, ikatoka hewa. Akaziba mdomo na mkono. Mama mmoja aliyekuwa njiani na noti akasimama, hajui arudi au aendelee.

Ndipo Godlisten akafumbua macho. Akashtuka, akabonyeza transpozi, na kwa kihoro akabonyeza upande wa juu. Kinanda kikaruka. Watu wakacheka. Uso wake ukawa majivu, vidole vipo kwenye C yake, hajui vingine vya kufanya. Nilikiona. Nilichokitaka nilikiona. Kilidumu kitambo kifupi sana.

Kwa sababu ukumbi haukumtazama yeye. Ulimtazama Mama Nai.

Jumatatu, 25 Agosti

Tumekuwa wa mwisho.

Sijafungua studio. Nimezima simu.

Jumatano, 27 Agosti

Nimeiwasha simu. Afadhali nisingeiwasha.

"Mama yetu apumzike sasa, sauti imemtupa mkono." "Umri nao una mambo yake." "Tumtafutie nafasi ya ushauri." Wote wale waliokuwa wanampepea kwa kanga. Na Godlisten ameandika: "Tuendelee kumwombea mama yetu." Akaweka njiwa.

Njiwa!

Nimeandika ujumbe mrefu kuwaambia haikuwa sauti yake, kinanda kilipanda, magitaa yalipanda. Nimeufuta. Nimeandika tena, nimefuta. Swali linalofuata ni moja tu: kilipandaje? Na fundi wa mitambo ni nani?

Ninaogopa. Basi, nimeliandika. Ninamchukia Godlisten zaidi ya mwanzo, kwa sababu sasa ninajichukia na mimi, na yeye ndiye chanzo cha yote mawili.

Jumapili, 31 Agosti

Sikutaka kwenda. Nimekwenda kwa sababu nisipoonekana wataniulizia.

Saa ya ushuhuda akasimama mpiga besi. Kijana mkweli, hana makuu. Alisema gitaa lake aliliweka sawa kabla ya kupanda, na baada ya wimbo lilikuwa limepanda karibu nusu noti, na la mwenzake hivyo hivyo, na kinanda hivyo hivyo. Akasema hajalala tangu siku ile. "Vyombo vitatu vipande pamoja? Sie wenyewe tulivipandisha, lakini nani alituambia tuvipandishe? Hii si kazi ya mwanadamu."

Nikainamisha kichwa kama naomba.

Godlisten akainuka. Sijui alikuwa amejiandaa au ilimjia palepale, ana kipaji hicho. Akasema alihisi mikono yake ikisukumwa. Akasema tangu apewe maono yale adui hajampa nafasi. Akasema adui alipoona sauti inawainua watu, aliingia ndani yake ili amwaibishe Bwana, na akampiga mama yetu mpendwa kwa sababu ndiye aliyekuwa chombo cha mbele.

Amina zikapanda. Wale walioandika kuhusu umri wakaanza kumlilia Mama Nai. Yeye alikaa wima, hakulia.

Laptop ikaletwa mbele. Wakaiwekea mikono, kikundi kizima cha maombi, mafuta yakamiminwa hadi kwenye vibonye. Mchungaji akasema, kama yupo humu aliyetumiwa na adui, kazi yake iteketee. Kanisa likaitikia: iteketee.

Nilikuwa safu ya tatu. Niliitikia na mimi, kwa sauti kubwa kabisa.

Nimemlipizia mtu kisasi na ametoka na taji. Alipoiba alimsingizia Mungu. Alipoumbuka amemsingizia shetani. Mimi katikati sina hata jina.

Jumanne, 2 Septemba

Nimeitwa kamati. Mchungaji, mwenyekiti, Mwalimu wa kwaya, Godlisten. Wameamua sauti ile imenajisika. Ifutwe, isisikike tena kwenye usharika wetu, wala kwaya yetu isiipige popote.

Godlisten ameafiki kwa uchungu wa kiungwana. "Aliyenipa ya kwanza atanipa nyingine."

Nikaambiwa nifute mimi, ndiye fundi. Vibonye vya laptop vinanata mafuta, kila nikibonyeza kidole kinabaki. Nikaitafuta, nikaichagua. Ile pumzi, ile rilizi yenye kosa, miezi yangu yote. Nikabonyeza. Mwenyekiti akasema haleluya.

Kisha Mchungaji akauliza kama kuna nakala mahali pengine.

Nikasema hakuna.

Godlisten akanitazama. Mara ya kwanza tangu nimjue amenitazama kwa muda. Anajua ipo, anajua iko wapi, maana ndiko alikoitoa. Nikamtazama na mimi. Hawezi kusema ipo kwangu bila kusema aliichukua kwangu. Siwezi kusema ni yangu bila watu kuuliza ni nani basi aliyeijua kiasi cha kuiharibu.

Akaangalia pembeni kwanza. Nahesabu hilo ni ushindi. Ni dogo, lakini sina kubwa.

Jumamosi, 6 Septemba

Jana mazoezini Godlisten amepiga sauti ya piano iliyokuja na mashine. Kwaya imeingia ovyo, mmoja leo mwingine kesho.

Leo mchana Mama Nai amekuja. Ametokea sokoni Mabibo, kikapu kimejaa ndizi za kupika. Shikamoo, marahaba, habari za kazi. Amekaa kwenye kiti cha waimbaji, kile anachokaaga siku zote. Akavua kandambili, akapumzisha miguu.

Sauti yake ya kuongea bado ina mkwaruzo.

Amezunguka kidogo, kuhusu shule, kuhusu joto. Halafu akasema, "Mwanangu, nikuulize kitu. Ile sauti si ndo ile uliyokuwa unaichokonoa humu mwaka jana? Mie nimekaa hapahapa nasahihisha madaftari, wewe unarudia shhh, shhh, hadi nikakwambia utaniumiza kichwa."

Nilikuwa nimesahau. Kweli alikuwepo.

"Alivyosema ameota, nilitaka nisimame palepale. Nikasema hapana, nimngoje mwenyewe aseme, isije ikawa nimechanganya. Hukusema." Akanitazama. "Kama ni yako niambie. Kesho ibadani mie nasimama. Sauti imeniishia ya kuimba, ya kusema ninayo. Watanisikiliza."

Wangemsikiliza. Mtu pekee duniani aliyeniona naitengeneza, na kanisa zima lina deni la aibu kwake, wangemsikiliza neno kwa neno. Jina langu lingerudi kesho saa nne asubuhi.

Na kesho saa nne na robo angekuwa ameshafikiri. Ni mwalimu. Angekaa kwenye benchi lake, apange moja baada ya jingine: sauti ni ya Dorkasi, laptop ilikuwa kwa Dorkasi, Dorkasi alikuwa kwenye mikisa. Angefika. Nilimwona kama tayari yuko njiani.

Nikasema, "Hapana Mama. Ile ilikuwa nyingine. Hii ni yake Godlisten."

Akakisogeza kikapu chake karibu na mguu.

"Basi nilichanganya," akasema.

Ndege ikapita, tukangoja ipite. Akavaa kandambili zake. Akasema kwaya hataacha, ila ameomba arudi nyuma, asimame na akina mama wa sauti ya pili. Akanitolea ndizi kikapuni, nyingi, nikakataa, akaziweka juu ya meza. Nikamsindikiza hadi getini.

Faili ya "Asubuhi" ipo. Sijaifungua. Nimekaa, kisha nimeanza kumenya ndizi.